Seva iko ndani, ruta iko mlangoni: namna ya kuifungulia njia

Umeweka Nginx (programu ya kutoa kurasa za wavuti) kwenye laptopu ya zamani, ukaandika http://192.168.1.50 kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, ukurasa ukafunguka bila shida. Ukamtumia rafiki yako wa Mwanza anwani hiyo hiyo, kwake hakikufunguka kitu. Hapo ndipo wengi hukimbilia menyu ya ruta na kuanza kufungua poti (milango ya mtandao yenye namba) moja baada ya nyingine mpaka usiku wa manane.

Usianzie huko. Kwa intaneti nyingi tunazotumia huku kwetu, swali la kwanza ni kama ruta yako inayo kweli anwani ya umma, yaani anwani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti. Kama haina, hakuna kitufe kwenye menyu ile kitakachokusaidia, na ni heri ulijue hilo dakika ya tano kuliko saa ya tano.

Nachukulia kwamba una seva ya Linux (Debian, Ubuntu au Raspberry Pi OS), unalo nenosiri la ruta, na una simu yenye bando la data. Simu si pambo. Ndiyo itakayokuwa jicho lako la nje.

## Ruta inafanya nini hasa

Anwani za IPv4 (zile za namba nne, kama 192.168.1.50) ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mwaka 1994 ilichapishwa hati ya kiufundi RFC 1631, iliyoeleza jinsi mashine nyingi zinavyoweza kutoka nje kwa anwani chache. Ililetwa kama dawa ya muda mfupi. Mwaka 2011 hazina kuu ya anwani ilikwisha kabisa, na ile dawa ya muda mfupi ndiyo tunayoishi nayo hadi leo. Inaitwa NAT.

Fikiria shule ya bweni yenye S.L.P. moja. Wanafunzi wote wanaandika barua, zote zinatoka na anwani ya shule, na karani anaweka kumbukumbu ya nani kamwandikia nani ili jibu likija ajue ampelekee nani. Barua ngeni, yenye S.L.P. ya shule lakini haina jina la mwanafunzi, inabaki mezani kwake. Ruta hufanya hivyo hivyo, ila mahali pa jina inatazama namba ya poti. Ombi la rafiki yako wa Mwanza linafika rutani likiwa geni: hakuna mashine ya ndani iliyomwandikia kwanza, kwa hiyo linatupwa. Kazi yetu ni kumwachia karani maagizo ya kudumu: chochote kijacho kwa poti 80 na 443 (ndizo za tovuti), kipelekwe kwa mashine fulani.

## Hatua ya 1: Hakikisha seva yenyewe ni nzima

Kwenye seva, andika:

```
sudo ss -tlnp
```

Tafuta mstari wenye `:80`. Ukiona `0.0.0.0:80` au `*:80`, seva inasikiliza kila upande. Ukiona `127.0.0.1:80`, inajisikiliza yenyewe tu, na hata jirani yake kwenye Wi-Fi hataipata. Hii ya pili hutokea sana kwa programu za Node na Python ambazo mwenye kuziandika alizipima kwenye mashine yake na kuziacha vile vile. Rekebisha kwenye mipangilio ya programu, au uiache hivyo na utangulize Nginx mbele yake. Mimi napendelea njia ya Nginx.

Kisha fayawoli ya seva, yaani programu inayochuja kinachoingia. Kama unatumia ufw:

```
sudo ufw allow 80/tcp
sudo ufw allow 443/tcp
sudo ufw status
```

Fungua ukurasa kutoka simu iliyo kwenye Wi-Fi ile ile. Ukifunguka, endelea. Usipofunguka, usiguse ruta kwanza. Tatizo bado liko ndani ya nyumba.

## Hatua ya 2: Je, anwani ya umma ni yako?

Hii ndiyo hatua ambayo miongozo mingi huiruka. Pengine waandishi wake wanaishi mahali ambapo kila nyumba inapewa anwani yake.

Tafuta anwani ya ruta:

```
ip route | grep default
```

Mara nyingi utaona 192.168.1.1 au 192.168.0.1, vifaa vingi vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia, nenda ukurasa wa "Status" au "WAN" (upande wa ruta unaotazama intaneti). Pale pana anwani ya IP ambayo ruta imepewa na kampuni ya intaneti. Inakili.

Sasa uliza dunia inakuonaje:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Linganisha namba hizo mbili. Zikiwa sawa, una bahati: anwani ya umma iko kwenye ruta yako, nenda hatua ya 3.

Zikitofautiana, tazama ile ya kwenye ruta inaanzaje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo tu: kampuni inafanya NAT yake kubwa juu ya ile ya kwako, na wateja wengi wanachangia anwani moja ya nje. Kwa mfano ule wa barua, S.L.P. yenyewe ni ya wilaya, na karani wa shule hana mamlaka nayo. Ruta za laini ya simu, za 4G na 5G, ndivyo zilivyo karibu zote, na Starlink kwenye vifurushi vyake vya kawaida ni vivyo hivyo.

Ikiwa inaanza na 10, au na 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama ni CGNAT ya kampuni iliyotumia safu za ndani, ama una ruta mbili nyumbani: kifaa cha faiba cha kampuni, na ruta yako uliyonunua dukani ukaichomeka nyuma yake. Fuata waya. Ukikuta vifaa viwili, ingia kwenye kile cha kwanza na uangalie anwani yake ya WAN. Huenda hapo ndipo anwani ya umma ilipo. Hapo utafungua poti mara mbili, kifaa cha kwanza kikipeleka kwa cha pili, na cha pili kikipeleka kwa seva. Au uombe kampuni iweke kifaa chake kwenye "bridge mode" ili ruta yako ishike anwani ya umma moja kwa moja. Hii ya bridge ni safi zaidi, ingawa baadhi ya mafundi watakuambia haiwezekani kabla hata hawajatazama.

Ukithibitisha ni CGNAT, piga simu huduma kwa wateja. Namna ya kuuliza ni muhimu. Ukiomba "static IP" (anwani ya kudumu) utapelekwa kwenye vifurushi vya biashara na bei zake. Unachohitaji kwa kweli ni kuondolewa kwenye CGNAT. Anwani ya umma inayobadilika inatosha, kwa sababu mabadiliko tutayashughulikia kwa jina huko mbele. Sema hivi: "Naomba nipewe public IP kwenye ruta yangu, hata kama ni ya kubadilika." Kuna kampuni zinafanya hivyo bure, nyingine kwa ada ya mwezi, nyingine hazifanyi. Zisipofanya, ruka hadi sehemu ya handaki huko chini.

## Hatua ya 3: Seva isihamehame

Ruta hugawa anwani za ndani kwa DHCP, na seva iliyokuwa 192.168.1.50 leo inaweza kuamka 192.168.1.53 kesho baada ya umeme kurudi. Agizo la poti litaendelea kuelekeza kwenye 50, ambako sasa yupo mtu na televisheni yake.

Kwenye menyu ya ruta tafuta "DHCP Reservation", "Static DHCP" au "Address Reservation". Chagua seva kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya mtandao (amri `ip link` itakuonyesha), ipangie 192.168.1.50, hifadhi, kisha iwashe seva upya. Unaweza pia kuipangia ndani ya Linux yenyewe, lakini rutani ni rahisi kukumbuka miezi sita baadaye.

## Hatua ya 4: Agizo lenyewe

Kila mtengenezaji ana jina lake. TP-Link huita "Virtual Servers", Huawei huita "Port Mapping" ndani ya "Forward Rules", wengine "Port Forwarding" au "NAT" tu. Fomu ni ile ile. Poti ya nje: 80. Anwani ya ndani: 192.168.1.50. Poti ya ndani: 80. Itifaki: TCP. Rudia kwa 443. Kama kuna sehemu ya kuchagua WAN, chagua ile yenye intaneti, si ile ya simu ya mezani wala ya TV. Kwenye vifaa vya faiba vyenye huduma tatu kosa hilo linafanyika kimya kimya na kila kitu kinaonekana kimehifadhiwa.

Ruta nyingine zitakataa poti 80 kwa sababu zinaitumia zenyewe kwa usimamizi wa mbali. Zima usimamizi wa mbali. Haukupaswa kuwa wazi tangu mwanzo. Kama bado inakataa, weka poti ya nje 8080 na ya ndani 80, halafu wageni waandike `:8080` mwisho wa anwani. Inafanya kazi, ila haipendezi, na cheti cha usalama kitakusumbua.

Utakutana pia na kitu kiitwacho "DMZ". Kinapeleka kila poti ya nje kwa mashine moja. Watu hukipenda kwa sababu kinaondoa maswali yote, na ndiyo sababu hiyo hiyo ya kukiacha. Nayo UPnP, inayoruhusu programu yoyote ndani ya nyumba ijifungulie poti bila kukuuliza, izime ukiwa hapo hapo. Michezo ya watoto inaweza kulalamika kidogo.

Vifaa vinavyokuja na faiba mara nyingi vina akaunti mbili: ya mteja na ya kampuni. Akaunti ya mteja huenda isionyeshe menyu ya poti kabisa. Usihangaike kutafuta nenosiri la kampuni kwenye mitandao. Omba wakufungulie, au waombe bridge.

## Hatua ya 5: Pima ukiwa nje

Zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, andika anwani ya umma kwenye kivinjari. Usipime kwa kompyuta iliyo ndani: ruta nyingi za bei nafuu haziwezi kugeuza ombi linalotoka ndani likielekea anwani yake yenyewe ya nje, kwa hiyo utaona imeshindikana wakati Mwanza inafunguka vizuri. Ukikuta hali hiyo, na unataka jina la tovuti lifanye kazi hata nyumbani, ongeza kwenye faili ya hosts ya kompyuta yako mstari unaoelekeza jina hilo kwa 192.168.1.50.

Simu ikikwama, usianze kubahatisha. Kwenye seva fungua dirisha moja na uandike:

```
sudo tcpdump -ni any 'tcp port 80'
```

Kisha ufungue ukurasa tena kwenye simu, macho yakiwa kwenye terminali. Unachotaka kuona ni kitu cha namna hii:

```
IP 198.51.100.23.41822 > 192.168.1.50.80: Flags [S] ...
IP 192.168.1.50.80 > 198.51.100.23.41822: Flags [S.] ...
IP 198.51.100.23.41822 > 192.168.1.50.80: Flags [.] ...
```

`[S]` ni mgeni anabisha hodi. `[S.]` ni seva inaitikia karibu. `[.]` ya mwisho ni mgeni ameingia. Ukishaielewa mistari hii mitatu, hutahitaji kumuuliza mtu tena tatizo liko wapi.

Hakuna mstari hata mmoja: ombi halikufika kwenye seva. Tatizo liko rutani au kwa kampuni. Kagua agizo la poti, kagua WAN iliyochaguliwa, rudia hatua ya 2. Vikiwa sawa vyote, jaribu poti ya nje 8443 kwenda 80 ya ndani. Ikifanya kazi, basi kampuni imeziba 80 njiani.

`[S]` inarudi tena na tena bila jibu: ombi limefika, fayawoli ya seva imelimeza. tcpdump huona pakiti kabla fayawoli haijazigusa, ndiyo maana unaiona hapa wakati Nginx haijui chochote. Rudi kwa ufw.

`[S]` kisha `[R.]`: seva ipo, lakini hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Washa Nginx, au umekosea poti ya ndani.

`[S]` na `[S.]` zinafuatana mara nyingi lakini `[.]` haiji: jibu linaondoka na halifiki kwa mgeni. Hii hukuta seva yenye njia mbili za kutokea, mathalani kebo ya faiba na modemu ya laini ya simu kwa wakati mmoja. Ombi linaingia kwa faiba, jibu linatokea kwa modemu na anwani nyingine, na simu ya mgeni inalitupa kwa kuwa haikumwandikia huyo. Chomoa ile modemu, pima tena.

## Hatua ya 6: Jina badala ya namba

Anwani ya umma isiyo ya kudumu itabadilika siku ruta ikizimwa, au kampuni ikiamua tu. Huduma za DNS (kitabu cha majina ya intaneti) inayojisasisha hutatua hilo. DuckDNS ni ya bure: unachukua jina, unapewa tokeni (neno la siri la kukutambulisha), na seva inajiripoti kila baada ya muda. Kwenye `crontab -e` (orodha ya kazi za kujirudia):

```
*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=JINA&token=TOKENI&ip=" >/dev/null
```

Ukiacha `ip=` wazi, wao wanasoma anwani ombi lilikotoka. Ukiwa na domeni yako, ya .co.tz au .co.ke au yoyote, weka rekodi ya CNAME ya `www` inayoelekeza kwenye jina lile la DuckDNS, na watu hawataliona kamwe. Kabla ya kufanya yote hayo angalia kama ruta yako haina sehemu ya "DDNS". Ruta nyingi zinayo, ingawa orodha ya huduma zinazokubalika huwa fupi.

## Hatua ya 7: Cheti

Let's Encrypt hutoa vyeti vya HTTPS bure, na huvitoa baada ya kuja kugonga poti 80 ya jina lako kutoka nje. Kwa hiyo fanya hatua hii baada ya simu kufungua ukurasa kwa jina, si kabla:

```
sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d www.example.com
sudo certbot renew --dry-run
```

Vyeti vyao vimezoeleka kuwa vya siku 90 na certbot huvihuisha yenyewe, mradi poti 80 ibaki wazi. Usiifunge ukidhani HTTPS imekwishachukua nafasi yake. Kama 80 imezibwa na kampuni, tumia uthibitisho wa DNS: unaweka rekodi ya TXT badala ya kugongewa mlango.

## Ukiwa nyuma ya CGNAT: chimba handaki kutoka ndani

Kanuni ni nyepesi. Kuingia kumezuiwa, kutoka hakujazuiwa. Basi seva yako itoke yenyewe, iunganishwe na mashine nyingine yenye anwani ya umma, na wageni wapitie kwa mashine hiyo. Kodi VPS (seva ya kukodi kwenye intaneti) ndogo kabisa, ile ya bei ya chini kwenye orodha. Kazi yake ni kupitisha tu. Angalia ilipo. Ikiwa Ujerumani, ombi la mtu wa Kariakoo linakwenda Ulaya, linarudi hadi seva yako ya Sinza, na jibu linafanya safari ile ile. Johannesburg au Nairobi ni karibu zaidi, ukipata kwa bei unayoimudu.

Napendekeza WireGuard, programu ya kutengeneza handaki hilo. Isakinishe pande zote mbili (`sudo apt install wireguard`), tengeneza funguo kila upande:

```
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key
```

Kwenye VPS, faili `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.9.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (siri ya VPS)

[Peer]
PublicKey = (wazi ya nyumbani)
AllowedIPs = 10.9.0.2/32
```

Nyumbani (mahali pa 203.0.113.50 weka anwani ya VPS yako):

```
[Interface]
Address = 10.9.0.2/24
PrivateKey = (siri ya nyumbani)

[Peer]
PublicKey = (wazi ya VPS)
Endpoint = 203.0.113.50:51820
AllowedIPs = 10.9.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa mwisho ndio roho ya mambo yote. NAT ya kampuni inasahau mawasiliano ya UDP yaliyokaa kimya, mara nyingine ndani ya nusu dakika. Kila sekunde 25 nyumbani wanatuma pakiti ndogo ili kumbukumbu isifutwe. Bila huo mstari, tovuti itafunguka vizuri ukiipima, halafu baada ya chai itakuwa imekufa, na hutaelewa kwa nini inafufuka kila ukiingia kwenye seva kuikagua.

Fungua 51820/udp kwenye fayawoli ya VPS, na kama kampuni ya VPS ina fayawoli yake kwenye dashibodi, hapo pia. Washa pande zote:

```
sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0
sudo wg show
```

Ukiona "latest handshake" ya sekunde chache zilizopita, handaki limeshikana. Piga `ping 10.9.0.2` kutoka VPS. Kisha weka Nginx kwenye VPS na ndani ya kipande cha `server` uweke:

```
location / {
    proxy_pass http://10.9.0.2;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $remote_addr;
}
```

Jina la tovuti lielekezwe kwa anwani ya VPS, na cheti kiwekwe huko huko. Hatua za 3, 4 na 6 huzihitaji tena. Raha ya ziada: ukihama nyumba, au ukibadilisha faiba kwa laini ya simu, unachomeka tu na tovuti inaendelea.

Kwa jambo la siku moja, la kumwonyesha mteja kazi kabla hajalipa, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inatosha:

```
ssh -N -o ServerAliveInterval=30 -R 8080:localhost:80 mimi@203.0.113.50
```

Poti 8080 ya VPS sasa ni poti 80 ya nyumbani, lakini kwa kawaida inasikika ndani ya VPS tu. Weka Nginx mbele yake ikielekeza kwa `127.0.0.1:8080`.

Na usipotaka kukodi VPS, Cloudflare wana handaki la bure. Programu yao inaitwa cloudflared. Amri `cloudflared tunnel --url http://localhost:80` inakupa jina la kubahatisha papo hapo, na ukihamishia domeni yako kwao unapata jina la kudumu. Ni rahisi kuliko yote niliyoandika hapa. Gharama yake ni kwamba HTTPS inafunguliwa kwao kwanza, yaani wanaweza kuona kinachopita. Kwa blogu ya mapishi hakuna neno. Kwa rekodi za wagonjwa wa zahanati, fikiri tena.

Kuna pia IPv6, mfumo mpya wa anwani ndefu. Andika `curl -6 https://ifconfig.co`; ukipata anwani ndefu (nyingi za Afrika huanza na `2c0f`), seva yako ina anwani ya umma ya kwake yenyewe na hakuna NAT ya kupambana nayo, ni kuruhusu poti kwenye fayawoli ya ruta tu. Shida ni upande wa wageni: mwenye IPv4 pekee hatakuona. Itumie kama njia ya pili.

## Ukishafungua

Siku ya kwanza, kaa na hii kidogo:

```
sudo tail -f /var/log/nginx/access.log
```

Hujamwambia mtu bado, lakini utaona maombi ya `/wp-login.php`, `/.env`, `/.git/config`. Si adui yako binafsi. Ni roboti zinazopita kila anwani ya IPv4 zikijaribu vitasa. Zikipata 404 (ukurasa haupo) zinaendelea na safari. Kwa hiyo fungua 80 na 443 tu. Usifungue 22 ya SSH, wala 3306 ya MySQL, wala 3389 ya Windows. Ukitaka SSH kutoka nje, ipitie kwenye handaki la WireGuard, au angalau iwe kwa ufunguo na si nenosiri. Sakinisha `unattended-upgrades` ili viraka vya usalama vije hata ukiwa safarini. Ruta yako ikiruhusu mtandao wa pili, weka seva huko, mbali na simu na kompyuta za familia.

Kampuni inaposasisha programu ya kifaa chake, maagizo ya poti wakati mwingine hufutika. Piga picha ya skrini ya ule ukurasa na uihifadhi.

Umeme je? Laptopu ina betri yake, ruta haina. UPS ndogo ya volti 12 inaishikilia ruta pamoja na kifaa cha faiba kwa saa kadhaa, mradi volti zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta. Kompyuta ya mezani ina mpangilio kwenye BIOS wa kujiwasha umeme ukirudi. Na kwenye laptopu, fungua `/etc/systemd/logind.conf`, weka `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uwashe mashine upya; la sivyo atakayepita akifuta vumbi na kufunga kifuniko, ameizima tovuti.